Wabwile na Ndege Aliyetoka Kwenye Barafu

Shemeji yangu Wabwile ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Nimemjua tangu siku niliyoletwa kwenye boma lao nikiwa bibi arusi, yeye akiwa kijana mwembamba wa kuchunga ng'ombe. Mpaka leo ananiita mulamwa, kama watu wetu wa Bungoma wanavyowaita mashemeji. Si mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za asubuhi anafikiria kwanza. Kwa hiyo habari zake naandika mimi. Mimi nilimaliza darasa la saba wakati ambapo msichana wa darasa la saba aliitwa kwenye kila mkutano asome barua, na mambo niliyoyaona sijayasahau.

Boma letu liko ng'ambo ya Naitiri, mahali ambapo zamani palikuwa shamba la mzungu. Baada ya uhuru shamba lilikatwa vipande. Waliowahi kufika walichagua juu, penye udongo mwekundu wa mahindi. Baba mkwe wangu alichelewa kwa sababu alikuwa kwenye matanga, akapewa chini, nusu shamba, nusu kinamasi. Watu walimcheka. Yeye alisema maji ni maji, akapanda nduma pembeni na kukata matete ya kuezekea. Hakulalamika.

Yeye ndiye aliyemfundisha Wabwile ndege. Enzi za mzungu kazi yake ilikuwa kupiga nyasi kwa fimbo ili ndege waruke na mzungu apige bunduki. Kulikuwa na ndege mmoja mzungu alimtaka kuliko wote. Ana rangi ya majani makavu, mnene kama kifaranga aliyekwisha kuacha mama yake, mdomo mrefu ulionyooka. Anakaa kwenye nyasi fupi yenye maji, kimya, mpaka ukaribie kumkanyaga, ndipo anaruka kwa sauti nzito ya kukereza, mkia wake ukionyesha weupe pande zote mbili, halafu anajitupa chini tena. Mzungu alimwambia baba mkwe wangu kwamba ndege huyu hazaliwi hapa. Anazaliwa juu kabisa ya Ulaya, kwenye vinamasi ambavyo wakati wa baridi vinaganda vyote vikawa barafu, na hakuna nyumba wala barabara. Akasema, "Huyu ametoka mbali kuliko mimi." Halafu akampiga risasi.

Neno hilo Wabwile alikua nalo. Alipokwenda Kitale kutafuta kazi, aliajiriwa na mzee Shafi, mwenye stoo ya mahindi karibu na msikiti, akawa mshonaji wa magunia. Siku nzima alikuwa ameinama na ile sindano ndefu ya gunia na uzi wa katani. Ndiyo maana ndege wake akamwita sindano, kwa sababu ya ule mdomo. Na kila mwaka mvua za Oktoba zikianza kulainisha udongo, alikuwa anamwendea mzee Shafi kuomba ruhusa.

"Wewe Wabwile," mzee Shafi alikuwa anasema mbele ya wapagazi wote, "wenzako wanaomba ruhusa ya matanga, wewe unaomba ruhusa ya ndege. Huyo ndege ni shangazi yako?"

"Ni mgeni, mzee."

"Basi nenda umpikie. Na urudi Jumatatu."

Wapagazi walicheka mpaka wakaacha kubeba. Lakini ruhusa alipewa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzee Shafi akafariki na stoo ikafungwa, naye Wabwile akarudi nyumbani moja kwa moja. Hakuoa tena baada ya mke wake kufa. Alikuwa na ng'ombe, nduma, na kile kinamasi.

Sasa nieleze ardhi ilivyo, kwa sababu shida yote imetoka hapo. Maji yanaingilia upande wa Wabwile na kutokea upande wa jirani. Jirani wa zamani alikuwa rafiki yake, na mdomo wa maji aliuacha kama Mungu alivyouweka. Rafiki alipokufa, shamba likawa la mwanawe, Derrick, kijana aliyefanya kazi Nairobi mpaka kazi ikaisha. Derrick si mtoto mbaya. Alikuja kwa heshima, akakalishwa, akanywa chai, ndipo akasema, akimwita papa, yaani baba kwa lugha yetu.

"Papa, mimi nina watoto wanne na wadogo zangu wawili hawajamaliza shule. Shamba langu nusu ni maji. Kila mwaka wenzangu wanavuna mahindi, mimi navuna vyura."

"Vyura nao wana kazi yao," Wabwile akasema.

"Kazi gani, papa? Kupiga kelele?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Nataka kuchimba mtaro. Nifungue mdomo wa maji, pakauke, nipande. Hata wewe utapata shamba."

Wabwile alijua maana yake. Ukifungua mdomo wa maji chini, juu hakubaki kitu. Maji hayajui mpaka wa nani ni upi. Alikwenda Bungoma kwenye ofisi moja kuuliza kama kuna sheria ya kumzuia. Akaambiwa mwenye kujua yuko mkutanoni. Akaenda tena. Bado mkutanoni. Mara ya tatu nilikwenda naye mimi, nikavaa viatu vyangu vya kanisa na kuzungumza kwa sauti, tukapewa viti, na hayo ndiyo tuliyopata.

Aliyeleta tumaini ni mjukuu wangu Viola, mwalimu huko Kamukuywa. Wabwile alikuwa amemwonyesha sindano aliyejificha kwenye nyasi, naye akampiga picha na simu. Picha haikuwa nzuri, mgongo tu na nusu ya mdomo, lakini aliituma kwa watu wa shirika moja la ndege. Wakamjibu haraka. Wakasema kama ni yule wanayemdhani, basi ni ndege anayepungua duniani, na kinamasi anachofikia wanaweza kukikodi kutoka kwa wenyewe kisiguswe. Lakini lazima waje wamwone kwa macho yao na wampige picha ya kueleweka. Watakuja mara moja tu, mwezi wa kumi na moja, kabla ya kufunga hesabu ya mwaka.

Derrick aliposikia alikubali. Hilo namshukuru mpaka leo.

"Wakimwona, papa, sigusi. Kodi ni kodi, mimi sina ugomvi na ndege. Wasipomwona, ile mashine inayotengeneza barabara ya huku itaingia kwangu kabla haijaondoka. Nimeshaongea na dereva."

"Watamwona," Wabwile akasema. Sijawahi kumsikia akijibu haraka namna hiyo.

Sindano walikuja. Mwishoni mwa Oktoba alinipeleka nikawaone, mimi na magoti yangu haya. Tukatembea polepole kwenye nyasi yenye maji ya kufika kifundoni, na mmoja akaruka karibu na mguu wangu kwa ile sauti yake, nikapiga yowe. Wabwile alicheka. Akasema usiku mzima wanachoma udongo kwa midomo wakitafuta minyoo, mchana wanalala hapa, kwa sababu nyasi hii ng'ombe wake wameila ikawa ya urefu wanaoutaka, si ndefu si fupi. Alikuwa anawahamisha ng'ombe kwa ajili hiyo. Miaka yote mimi nilidhani ni kwa sababu ya kupe.

Halafu akaugua. Kifua kilimbana na homa ikapanda, mwanangu Hillary akampakia kwenye gari tukampeleka Lugulu, hospitali ya misheni. Daktari akasema ni nimonia, alazwe. Nikabaki naye, nikimpikia uji nje pamoja na wanawake wengine. Kila asubuhi swali lake lilikuwa moja.

"Mulamwa, huko nyumbani mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Nyasi isikauke tu."

Hakuwa na hofu nyingine. Hata mimi sikuwa nayo.

Huku nyuma majirani walikuwa wamekaa kikao. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wetu ni Nekoye, mwanamke mwenye mikono ya kazi na roho safi, na haya ninayoandika akiyasoma ajue kwamba mzee hakumlaumu hata siku moja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba wageni wanakuja kutoka Nairobi, na mmoja mzungu, na kwamba shamba la mzee liko hatarini. Na mzee yuko hospitalini. Je, tukae tu? Kwetu mgeni hapokelewi penye kichaka. Mwenye nyumba akiwa mgonjwa, majirani ndio wanafyeka, wanafagia, wanasimamisha migomba ya mapambo njiani. Asiyekuja kwenye kazi kama hiyo anasemwa mpaka siku ya kufa. Kwa hiyo wakaja wote.

Daktari alimruhusu Wabwile siku moja kabla ya wageni. Hillary alitufikisha nyumbani jioni, jua bado lipo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mawe. Kutoka barabarani mpaka chini kwenye kinamasi walikuwa wamepanga mawe pande zote mbili, na kila jiwe limepakwa chokaa. Halafu tao la migomba na maua. Halafu Nekoye akitukimbilia kwa vigelegele, slasha ya kufyekea bado mkononi.

"Karibu nyumbani, mzee! Umeona barabara yako?"

"Barabara ya nani?"

"Ya wageni wako, bana! Watoke Nairobi wakukute na nyasi ya magotini? Waseme sisi ni watu wa porini? Hapana. Teremka uone kule chini."

Wabwile aliteremka akiegemea bega la Hillary. Mimi nilifuata. Ile nyasi ya urefu unaotakiwa ilikuwa imefyekwa mpaka udongo unaonekana, majani yamekusanywa na kuchomwa, moshi bado unatoka. Matete ya pembeni yamekatwa. Pale hasa ambapo sindano aliruka mguuni kwangu palikuwa na tenti, viti vya plastiki, na spika mbili kubwa juu ya meza. Vijana walikuwa wamechimba vijifereji maji yaondoke, wageni wasilowe viatu.

"Nyasi iko wapi?" Wabwile akauliza. Aliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayeulizia kofia yake.

"Tumeimaliza yote!" Nekoye akasema, na uso wake unang'aa. "Tumekuwa hapa tangu Jumatatu. Hata Chelangat mwenye mimba, yule mke wa fundi, amekuja na panga. Wewe ulale tu, mzee. Kesho ni kushangilia."

Walikuwa wamesimama wote wanamtazama, matope mpaka kwenye mapaja, mikono imepasuka malengelenge. Walikuwa wameacha mahindi yao shambani hayajavunwa, na mvua inanyesha, kwa ajili yake. Nilifungua mdomo. Wabwile aliniangalia mara moja, nikaufunga.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana, watu wangu."

Wakapiga makofi.

Asubuhi wageni walifika. Kiongozi wao alikuwa Kipkemei, kijana mpole wa kutoka upande wa Kitale, na alikuja na mzungu mrefu na msichana mwenye darubini ya miguu mitatu. Kwaya ilianza kuimba kabla hawajafunga milango ya gari. Spika zilikuwa na sauti kubwa hata ng'ombe wakakimbilia upande wa pili. Niliona macho ya Kipkemei yakipita juu ya mawe meupe, juu ya tenti, juu ya ule uwanja uliochomwa, na niliona alivyoelewa. Alimgeukia Wabwile, akavuta pumzi ya kusema neno. Wabwile akatikisa kichwa kidogo tu, hapana. Kijana akaenda kuwapa akina mama mkono. Wazazi wake walimlea.

Hotuba zilikuwa tatu. Nekoye aliomba wageni wajisikie nyumbani. Ndipo tukaanza kutafuta.

Kipkemei alitupanga mstari, yeye, mzungu, msichana, Wabwile, mimi na Derrick ambaye alivaa gambuti akaingia majini kama sisi wengine. Tulitembea kutoka chini kwenda juu, hatua moja, kusimama, hatua moja. Hakuna. Tulizunguka upande wa nduma. Hakuna. Kwenye kipande kidogo cha nyasi kilichobaki karibu na kisima, ambacho vijana walichoka kabla hawajakifikia, tuliingia kimya, hata pumzi tumeishika. Akaruka chura. Wabwile alikuwa anakohoa na shati limemgandia mgongoni. Nilimwambia aketi. Hakunisikia au hakutaka.

Mchana ulipogeuka mawingu yakaanza kufunga upande wa mlima. Mzungu na msichana walikwenda kukunja vifaa vyao. Kipkemei alikuwa ameinama anatoa maji kwenye kiatu. Ndipo kwenye ukingo kabisa, kwenye alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji, akaruka. Nilisikia sauti yake kwanza. Nikaona ule weupe wa mkia, mdomo ule, akaenda chini chini moja kwa moja juu ya mpaka wa Derrick, juu ya miti ya mikaratusi, hakujitupa chini kama desturi yake. Akaendelea tu.

"Yule!" Wabwile akapiga kelele. "Yule, yule, yule!"

Kipkemei aliinua kichwa. Palikuwa na miti na mvua inayokuja.

"Wapi, mzee?"

"Ameenda. Sindano. Ameruka hapa, miguuni hapa."

"Ulimwona vizuri?"

"Kijana, namjua kabla baba yako hajazaliwa."

Kipkemei akanigeukia, akaniita bibi kwa lugha yetu. "Na wewe, kukhu? Uliona?"

"Nimeona," nikasema. "Mkia mweupe pande zote mbili. Mdomo kama sindano ya gunia. Andika."

Hakuandika. Alisimama na kiatu mkononi, soksi inachuruzika.

"Kukhu, nawaamini. Mimi mwenyewe nawaamini. Lakini hawatakubali. Lazima mmoja wetu awe amemwona, na picha."

"Macho yangu yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro, kukhu."

"Sasa?"

Akavaa kiatu chake. Nimezungumza na wakubwa wengi maishani mwangu, na kila mara nilijua neno la kutoa. Siku ile nilikuwa na ukweli mzima mkononi, na hakukuwa na mahali pa kuuweka. Mvua ikafika, wote tukakimbilia kwenye tenti, isipokuwa Wabwile. Alibaki anaangalia ile miti.

Jioni Derrick alimjia. Alikuwa amevua kofia.

"Papa, mimi sikumwona. Kama ningemwona ningesema. Wallahi ningesema, hata kama ni hasara yangu."

"Najua."

"Mashine inaondoka wiki hii. Nikingoja mwaka ujao, watoto wale nini?"

"Nimesema najua, mwanangu. Chimba."

Ilichimba. Haikuchukua muda, kazi ya asubuhi tu, mdomo wa maji ukafunguliwa na mtaro ukanyooka mpaka kwenye mto. Kwa siku chache hapakuwa na tofauti, nikaanza kudanganyika. Halafu nduma za Wabwile zikalala majani. Kisima kikashuka. Pale ambapo ulikuwa huwezi kupita bila gambuti watoto wakaanza kupiga mpira. Wabwile alikuwa anashuka kila asubuhi na fimbo yake, anaichoma ardhini, anaitoa, anaitazama. Nilimwambia mulamwa, acha. Akasema anapima tu. Sijui alikuwa anapima nini.

Kabla ya Krismasi akina mama walikuja kumtembelea. Walileta kuku na unga, wakaketi sebuleni kwake, viti havikutosha, wengine wakaketi kwenye mkeka. Walimpa pole kwa yote. Nekoye alisema Kipkemei ni mtu wa heshima, lakini ndege naye ni ndege, huwezi kumtumia barua aje siku fulani.

"Lakini mzee," akasema, "hakuna mtu atasema tulikuaibisha. Si wewe mwenyewe uliona? Sisi yetu tulifanya."

Nilikuwa nimeshika birika. Sikuweza kumimina.

"Mlifanya vizuri," Wabwile akasema.

"Basi ngoja, kuna kitu tumekuletea. Viola, toa simu."

Viola alisita. Alikuwa analijua jambo zima, nilimwambia mwenyewe. Lakini mikono ya akina mama ilikuwa imeshamfikia. Wale watu wa shirika walikuwa wametuma picha za siku ile, na yeye hakuwa amemwonyesha babu yake. Zilikuwa picha nzuri, zinaonekana mpaka nyuzi za nguo. Kwaya kwa sare yao ya buluu. Nekoye anasoma hotuba. Mawe meupe, yamenyooka kama meno. Wanawake walizipokezana wakipiga vigelegele, huyu amefunga macho, yule amenenepa, mwangalie mke wa fundi na tumbo lake mbele kama mheshimiwa. Sijawahi kusikia kicheko kingi namna hiyo katika nyumba ile.

Simu ikamfikia Wabwile. Aliisogeza mbali na uso, kisha karibu. Ilikuwa picha ya kwaya, na nyuma ya mabega yao kulikuwa na kile kipande kidogo cha nyasi cha karibu na kisima. Viola alikuwa amemfundisha zamani kukuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza. Akaisogeza pembeni, nje ya vichwa vya wanawake, akaikuza tena.

"Unatafuta nani, mzee?" Nekoye akauliza. "Mimi niko huku mbele."

"Nimekuona," akasema. "Umependeza."

Wakacheka tena, wakaendelea na kuku. Yeye aliendelea kukuza ile nyasi, jani kwa jani, mpaka picha ikawa vijiboksi vya kijani na kahawia ambavyo havina umbo, na hapo pia hakuacha.